Riyal, dola au kadi? Namna ya kubeba pesa za safari bila kuingia hasara

Rajab na Shaaban zikiingia, mitaa yetu ya Pwani huanza kuaga watu. Huyu aenda Umra, yule aenda Dubai kuleta mzigo wa Idi, mwingine ampeleka mzazi wake India kwa matibabu. Kila mmoja huuliza bei ya tikiti, huulizia viza, huuliza hoteli iko umbali gani na Haram. Swali la pesa huja mwisho, aghalabu usiku wa kuamkia safari, na jibu lake huwa ni lile lile: "Beba dola tu, utabadilisha huko huko."

Jibu hilo si baya, lakini halitoshi. Pesa wanazobeba watu wetu ni za chama cha kina mama kilichochanga miaka miwili, ni za kibubu, ni za kiwanja kilichouzwa, ni za mchango wa jamaa na wa msikiti. Zikipotea Makka au Chennai, hakuna nyingine nyumbani za kutumwa. Kwa hivyo nimeona niziweke hapa njia zote watu wanazotumia, moja baada ya nyingine, na faida na hasara ya kila moja. Mifano nitaitoa kwenye safari tatu tunazozijua zaidi: Umra na Hijja, biashara Dubai, na matibabu India.

Neno langu kwa ufupi ni hili: hakuna njia moja iliyo bora peke yake. Msafiri mwenye akili hufanya mambo matatu. Hujua bei ya haki kabla ya kutoka, huzigawa pesa zake, na huziandika.

Ijue bei ya haki kwanza

Watu wengi hawajui kwamba sarafu za nchi za Ghuba tunazozitumia zimefungwa kwa dola ya Marekani. Riyal ya Saudia imekuwa riyal 3.75 kwa dola moja tangu 1986. Dirham ya Imarati ni 3.6725 kwa dola. Rial ya Oman ni kubwa kuliko dola yenyewe: rial moja ni takriban dola 2.60. Bei hizi hazipandi wala hazishuki kila asubuhi. Kinachopanda na kushuka ni shilingi yetu.

Faida ya kujua jambo hili ni kwamba huhitaji mtaalamu kukwambia kama unapunjwa. Chukua bei ya kununulia dola siku hiyo, igawe kwa 3.75, utapata bei ya haki ya riyal ya Saudia. Igawe kwa 3.67, utapata ya dirham. Izidishe kwa 2.6, utapata ya rial ya Oman.

Tuchukue dola moja kwa shilingi 130, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi na haiko mbali na bei tuliyoizoea tangu katikati ya 2024. Riyal ya haki itakuwa shilingi 34.67. Dirham itakuwa kama 35.40. Rial ya Oman itakuwa 338. Sasa ukiingia dukani ukaambiwa riyal ni shilingi 36.20, unajua mara moja kwamba kila riyal umeongezwa shilingi moja unusu. Kwa riyal 3,000 hiyo ni shilingi 4,600. Mwenye duka lazima apate faida, hilo halina ubishi, lakini ni vizuri ujue unamlipa kiasi gani.

Na tahadhari na jina. Riyal si moja. Ya Saudia, ya Qatar, ya Yemen na ya Oman zote huitwa riyal au rial, na thamani zake si sawa. Rial moja ya Oman ni karibu riyal kumi za Saudia. Mwenye jamaa Muscat akikwambia "nitakupa riyal mia", muulize za wapi kabla hujafurahi au kuvunjika moyo.

Jambo jingine ni wakati wa kununua. Mwezi wa Januari 2024 dola ilifika shilingi 160. Dola 800 wakati huo zilitaka shilingi 128,000. Miezi michache baadaye dola hizo hizo zilipatikana kwa kama 104,000. Tofauti ya shilingi 24,000 ni kubwa kuliko ujanja wowote wa kuchagua duka. Hakuna ajuaye shilingi itaelekea wapi, na sipendi mtu acheze kamari na pesa za ibada. Lakini anayeweka akiba ya Umra kwa mwaka mzima anaweza kununua dola kidogo kidogo kila mwezi, mia leo na mia mwezi ujao, badala ya kungoja wiki ya mwisho na kuchukua bei yoyote atakayoikuta.

Dola taslimu

Dola ndiyo mfalme wa safari zetu, na si bila sababu. Kila duka la kubadilisha pesa, Makka, Deira au Mumbai, huichukua. Kwa sababu riyal na dirham zimefungwa nayo, tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza kule ni ndogo sana mjini. Ukibadilisha dola 800 kwa 3.73, unapata riyal 2,984. Umepoteza riyal 16 tu, kama shilingi 550. Ukizibadilisha dola hizo hizo uwanja wa ndege kwa 3.60, unapata 2,880, na hasara imeruka hadi riyal 120. Kwa hivyo uwanja wa ndege badilisha kidogo tu, ya teksi na maji, mengine yangojee mjini.

Dola zina masharti yake. Noti za 100 na 50 hupata bei nzuri kuliko za 20, 10 na 5, hapa Mombasa na huko pia. Noti kuukuu, iliyochanika, iliyoandikwa kalamu au kupigwa muhuri hukataliwa au hupunguzwa bei. Serikali ya Marekani yenyewe haijazifuta noti zake za zamani, lakini mwenye duka wa Makka hajali hayo. Yeye anataka noti safi ya toleo jipya. Noti ya 100 yenye ukanda wa buluu, iliyotoka 2013, ndiyo isiyoleta maneno. Ukinunua dola hapa, zikague moja moja mbele ya karani na umrudishie mbovu pale pale.

Nunua kwenye duka lenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na uchukue risiti. Orodha ya maduka yenye leseni huwekwa wazi na Benki Kuu, kwa hivyo hakuna sababu ya kununua kwa mtu aliyesimama barazani na bahasha. Risiti pia ni ushahidi wako ukiulizwa na maafisa wa forodha pesa umezipata wapi.

Ubaya mkubwa wa taslimu ni mmoja: ikipotea imepotea. Katika tawafu watu hubanana kiasi kwamba huwezi kujua mkono uliokugusa ni wa nani, na wezi wa mifukoni wako hata pale. Wanaume waliovaa ihramu huweka kila kitu kwenye mkanda mmoja wa kiunoni, kina mama kwenye kipochi kimoja kinachoning'inia shingoni. Hapo ndipo penye hatari, na nitarudi kwenye kugawa.

Riyal na dirham kutoka hapa Mombasa

Wako wanaopenda kutoka nyumbani na riyal kamili, wasihangaike huko. Raha yake naielewa, hasa kwa mzee asiyejua Kiarabu wala Kiingereza. Lakini raha hiyo ina bei. Maduka yetu hayana riyal nyingi kama yalivyo na dola, na msimu wa Umra mahitaji hupanda, kwa hivyo bei huongezwa. Tumeona hapo juu kwamba kwa riyal 3,000 unaweza kupoteza elfu nne na zaidi, mara nane ya hasara ya kupitia dola.

Ninachoshauri ni kutoka na riyal 200 au 300 tu mkononi, za noti ndogo ndogo. Hizo zitakufikisha hotelini, zitanunua chakula cha kwanza na laini ya simu. Omba noti za 5, 10 na 50. Noti ya 500 ukimpa dereva wa teksi usiku atakwambia hana chenji, na hapo hasara ni yako.

Na usichukue riyal au rial za zamani ulizoachiwa na jamaa bila kuziuliza. Sisi wenyewe tulishuhudia noti yetu ya zamani ya shilingi 1,000 ikikoma kutumika mwishoni mwa Septemba 2019. Wenzetu pia hubadilisha. India ilizifuta noti zake za rupia 500 na 1,000 usiku mmoja, Novemba 8, 2016, na mwaka 2023 ikaanza kuiondoa ile ya 2,000. Oman ilitangaza mapema 2024 kwamba noti zake kadhaa za matoleo ya nyuma zitakoma mwisho wa mwaka huo. Noti iliyokaa kabatini miaka kumi huenda sasa ikawa kumbukumbu tu.

Shilingi zetu nazo ziache nyumbani, isipokuwa za nauli ya kurudi kutoka uwanja wa ndege. Ng'ambo hazina mnunuzi, na akipatikana atazichukua kwa bei ya kutupa.

Kadi ya benki

Kadi imekuwa nyepesi mno. Makka, Madina na Dubai karibu kila duka kubwa lina mashine, unagusisha kadi na kuondoka. Ikiibwa, unapiga simu inafungwa, na pesa zako zimebaki benki. Hilo dola taslimu haiwezi kukufanyia.

Lakini yafaa ujue makato yake, kwa sababu huja kimya kimya. La kwanza ni bei ya kubadilisha ya kampuni ya kadi, ambayo kwa kawaida si mbaya. La pili ni asilimia ambayo benki yako huongeza kwa matumizi ya ng'ambo. Tuseme ni asilimia 3: kwa matumizi ya shilingi 104,000 hiyo ni 3,120. La tatu ni ada ya kutoa pesa kwenye ATM, ambayo hukatwa kila unapotoa, na pengine benki ya huko nayo hukata yake. Kama ada ni shilingi 500 kwa kila mara, aliyetoa mara nne amelipa 2,000 na aliyetoa mara moja amelipa 500. Ukilazimika kutumia ATM, toa kwa wingi mara chache, usitoe riyal 100 kila siku.

La nne ndilo mtego wenyewe. Mashine itakuuliza: ukatwe kwa shilingi za Kenya au kwa riyal? Moyo utakuvuta kwenye shilingi kwa sababu ndizo unazozielewa. Usikubali. Ukichagua shilingi, bei hupangwa na mwenye mashine, naye hujiongezea apendavyo. Chagua sarafu ya nchi uliyomo, kila mara, hotelini, dukani na kwenye ATM. Mhudumu akikuchagulia bila kukuuliza, mwambie afute aanze upya.

Kabla ya safari, nenda benki uulize maswali manne. Je, kadi hii inafanya kazi nje ya Kenya? Je, lazima niwaarifu nchi ninazokwenda na tarehe? Makato ya ng'ambo ni asilimia ngapi? Na nambari gani ya kupiga nikiwa nje ikipotea? Nambari hiyo iandike karatasini, si kwenye simu peke yake. Kadi nyingi hukwama siku ya kwanza kwa sababu benki imeona matumizi ya ghafla Jeddah ikadhani ni mwizi.

Kwa waendao Dubai, hoteli nyingi huzuia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana unapoingia. Pesa hizo hurudi, lakini kwa kadi inayokata moja kwa moja kwenye akaunti zinaweza kuchukua siku kadhaa. Usiweke dhamana kwenye kadi ambayo ndiyo unayoitegemea kulipia mzigo.

M-PESA na simu

Watu wa nyumbani hudhani M-PESA itawafuata kila mahali. Inawafuata nusu. Ukiwa Makka huwezi kutoa pesa kwa wakala kama ulivyozoea hapa Kongowea. Lakini yako mambo mawili ya maana inayoweza kukufanyia. Tangu 2022 iko kadi ya Visa ya M-PESA ambayo haina plastiki, ni nambari tu ndani ya simu. Yafaa kwa malipo ya mtandaoni kama hoteli na tikiti. Pili, jamaa aliye Kenya anaweza kutuma kutoka M-PESA yake hadi kituo cha Western Union cha nchi uliyoko, nawe ukazichukua kwa pasipoti. Hii ni njia ya dharura. Gharama yake ni kubwa kuliko dola za kibindoni, lakini aliyeibiwa hana la kuchagua. Jina litumwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. "Mwanaisha" na "Mwana Aisha" kwa karani wa kule ni watu wawili.

Yote haya yanategemea laini yako ya Kenya kubaki hai. Ujumbe wa kuthibitisha malipo huja kwa nambari hiyo. Washa huduma ya kutumia laini ng'ambo kabla ya kuondoka, kisha iweke kwenye simu ndogo, kabambe, na laini ya huko uiweke kwenye simu kubwa. Na yeyote atakayepiga akitaka umsomee nambari iliyoingia kwenye ujumbe, hata akijitambulisha kama karani wa benki, ni mwizi.

Jamaa aliye huko

Hii ni njia yetu ya Kipwani hasa. Binamu yuko Jeddah au Sharjah, anakwambia: "Usibebe kitu, nitakupa riyal huku, wewe mpe mama shilingi huko." Haina makato, haina hatari ya njiani, na pande zote mbili zanufaika. Kwa watu wanaoaminiana ni njia nzuri. Ubaya wake ni pale maneno yasipoandikwa. Bei gani? Ya siku gani? Nimeona undugu wa miaka ukiharibika kwa tofauti ya shilingi elfu mbili ambayo hakuna aliyeitaja mwanzo.

Na hapa dini yetu ina neno. Kubadilisha sarafu kwa sarafu ni sarf, na sharti lake ni mkono kwa mkono, katika kikao kimoja, kama inavyofahamika kutoka kwa hadithi ya Ubada bin Samit juu ya dhahabu na fedha. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jeddah liliamua mwaka 1986 kwamba noti za karatasi zina hukumu hiyo hiyo. Maana yake, kumpa mtu shilingi leo ili akupe riyal ukifika baada ya wiki mbili si jambo dogo. Wako maajenti wanaowaambia mahujaji walipe shilingi hapa na wachukue riyal Makka. Mbali na hatari ya pesa kutoonekana, kuna suala la uhalali.

Njia ya kutoka ipo. Mwaka 1990 Baraza hilo hilo lilikubali kwamba pesa kuingia kwenye akaunti ya mtu ni sawa na kuzipokea mkononi. Kwa hivyo binamu anapokukabidhi riyal, wewe au nduguyo atume shilingi saa ile ile, kwa bei mliyokubaliana saa ile ile. Au fanyeni ni mkopo: amekukopesha riyal 1,000, deni lako ni riyal 1,000, na siku ya kulipa mkikubaliana kulipana kwa shilingi mtatumia bei ya siku hiyo. Ufafanuzi zaidi muulize sheikh wako kabla ya safari. Kwa upande wa kadi nako, kadi inayokata pesa zako mwenyewe haina tatizo la riba. Kadi ya mkopo inayotoza nyongeza ukichelewa, hiyo waulize wenye elimu.

Safari ya matibabu India

Hapa kiasi huwa kikubwa na moyo umeshughulika, kwa hivyo makosa huwa mengi. Gharama ya hospitali usiibebe mkobani. Itume kwa benki moja kwa moja kwenye akaunti ya hospitali, na benki ikupe karatasi ya uthibitisho. Nambari ya akaunti uichukue kwa hospitali yenyewe, kisha uipigie hospitali simu kwa nambari uliyoitafuta mwenyewe, uithibitishe kabla ya kutuma. Ukipokea barua pepe ya ghafla ikisema akaunti imebadilika, simama. Huo ni ulaghai unaojulikana dunia nzima.

Pesa za chakula, nyumba ya kupanga na dawa za nje ndizo za kubeba kwa dola na kubadilisha kidogo kidogo. Rupia usizinunue hapa, sheria ya India inabana kuingiza noti zake. Risiti za kubadilisha ziweke, zitahitajika ukitaka kurudisha rupia zilizobaki kuwa dola. Na hawala ya mitaani usiiguse kule. India inaihesabu kuwa kinyume cha sheria, na mgonjwa hana nguvu za kwenda polisi.

Kutangaza pesa mpakani

Kubeba pesa nyingi si kosa. Kosa ni kuzificha. Kwa sheria ya Kenya ya 2009 ya kupambana na utakatishaji wa fedha haramu, anayetoka au kuingia na zaidi ya dola 10,000, au kiasi cha thamani hiyo kwa sarafu nyingine, lazima azitangaze kwa forodha. Imarati hutaka utangaze ukiwa na zaidi ya dirham 60,000. India hutaka utangaze noti za kigeni zikizidi dola 5,000. Saudia ina kiwango chake na huhesabu dhahabu pamoja na pesa, kwa hivyo muulize ajenti kiwango cha msimu huo. Wafanyabiashara wanaochanga na kumpa mmoja wao mkoba wa kwenda Dubai wakumbuke kwamba mbele ya sheria pesa zote ni za aliyeshika mkoba.

Ninavyoshauri zigawanywe

Tuseme mama anakwenda Umra kwa siku 14, hoteli na usafiri vimelipwa, naye ana shilingi 130,000 za matumizi na zawadi. Mimi ningezigawa hivi. Riyal 300 mkononi, za siku mbili za mwanzo. Dola 600 za noti safi, katika mafungu matatu: moja kiunoni, moja kwenye sanduku la kufuli la hotelini, moja kwa mtu wa karibu aliye naye safarini. Zilizobaki, kama shilingi 40,000, zikae kwenye akaunti yenye kadi, asiiguse ila kwa haja. Kwenda Haram abebe za siku hiyo tu. Hata mkanda ukipotea katika tawafu, safari haijavunjika.

Mwenye kwenda Hijja na anayetakiwa kuchinja hady, alipie kwa njia rasmi. Mradi wa Saudia wa kusimamia wanyama wa kuchinjwa upo tangu 1983 na hutoa hati. Anayekusimamisha njiani akidai atakuchinjia kwa nusu bei, huna njia ya kujua kama kuna mnyama.

Kwa wakuu wa misafara

Kwenu nina neno la wazi. Desturi ya kukusanya pesa za wazee wote katika mkoba mmoja "ili zisipotee" hugeuza hasara ya mtu mmoja kuwa msiba wa watu arubaini. Mkiombwa kumwekea mtu amana, mpeni karatasi yenye jina lake, kiasi, sarafu na sahihi mbili, na nakala ibaki kwa familia yake hapa. Tena msishike pasipoti za watu saa zote bila wao kujua pa kuzipata. Bila pasipoti, mwenye dharura hawezi kuchukua hata pesa alizotumiwa na mwanawe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na amana ya haji ni nzito kuliko mali nyingine.

Haja ya kumpunguzia haji mzigo wa pesa si mpya. Zamani sarafu ya Saudia ilikuwa ya madini ya fedha, na mahujaji walihangaika na uzito wake. Mwaka 1953 mamlaka ya fedha ya nchi hiyo ikatoa karatasi zilizoitwa stakabadhi za mahujaji, kila moja ikisimama mahali pa riyal kumi. Watu wakazipenda, wakaendelea kuzitumia hata baada ya Hijja, na hapo ndipo pesa za karatasi za Saudia zilipoanzia. Leo uzito umeondoka, umebaki uangalifu.

Usiku wa kuamkia safari, basi, chukua karatasi moja. Andika kiasi ulichonacho, kiko wapi, nambari ya benki ya kufungia kadi, na jina la mtu mmoja hapa nyumbani atakayepokea simu yako saa yoyote. Nakala moja muachie mtu huyo. Safari njema, na Mwenyezi Mungu awatakabalie waendao kwa ibada, awaponye waendao kwa tiba, na awabariki waendao kutafuta riziki ya halali.